Pete ya Mpira na Kibuyu cha Uji

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa darasa la saba katika shule moja ya msingi juu kidogo ya mji wa Meru, na miongoni mwa mambo niliyoyafundisha kwa ukali ni sehemu za mwili wa binadamu. Nilichora moyo, nikachora mapafu, nikachora figo, na mtoto aliyecheka nilipofika kwenye viungo vya uzazi alisimama nje mpaka kengele ilipolia. Ndiyo maana hadi leo najicheka mwenyewe. Siku kizazi changu kilipoanza kushuka, mimi mwalimu mzima sikujua nimwambie nani wala nianzie wapi.

Nilikuwa nimezaa watoto sita, na baada ya kila mmoja nilirudi shambani mapema kuliko nilivyopaswa kwa sababu nilipenda kusifiwa. Kwetu mwanamke hubeba mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, na kwa kubeba nilikuwa sina mpinzani. Kuni ambazo wengine waligawana wawili, mimi nilizileta peke yangu, tena nikiimba njia nzima. Wanaume walimpongeza mume wangu kwa nguvu zangu, kana kwamba yeye ndiye aliyenijenga.

Basi alasiri moja nimesimama ubaoni, nikahisi uzito fulani chini, kama kitu kinataka kuanguka. Jioni bafuni nikapapasa, nikakuta kitu laini na cha mviringo, mfano wa yai lililochemshwa likamenywa, kinachungulia mahali ambapo hakuna kitu kinachopaswa kuchungulia. Nikalala chali, kikarudi. Nikasimama, kikashuka. Nikajiambia hii ni saratani, yamekwisha, na usiku huo nikaanza kuwagawia watoto migomba na kahawa kimoyomoyo.

Lakini miezi ikapita nami sikufa. Nilijifunga leso kiunoni, nikaikaza hadi pumzi ikawa ya shida. Nilikaa kwenye kiti upande mmoja kwanza, kisha mwingine. Mafua yakinipata nilikohoa nimebana mapaja kama mtu aliyeficha kuku. Kibaya zaidi, niliacha kucheka. Mimi nilikuwa mtu wa kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto, na sasa kila nikicheka yai lile linashuka na mkojo unachungulia. Nikawa natabasamu tu kama mtu wa picha ya kitambulisho. Mume wangu, mkulima mpole asiyependa maneno mengi, alinikodolea macho wakati wa chakula na hakuuliza kitu. Usiku nilimgeuzia mgongo.

Ningeendelea hivyo mpaka leo, maana ukaidi ninao wa kutosha, lakini binti yangu alipata mimba. Ni mtoto wangu wa pili, na alikuwa ameolewa nyanda za chini za Embu, upande wa Mbeere, kwenye jua na mbuzi. Alipoolewa, ndugu za mume wangu walinong'ona kwamba mtoto wa mlimani amepelekwa kufa njaa kwenye mawe. Maneno ya namna hiyo hayahitaji barabara ya lami. Yaliwafikia wakwe, wakanyamaza nayo, wakangoja kuona sisi wazazi tutafanya nini.

Na desturi yetu kuhusu uzazi haina mzaha. Binti akijifungua mtoto wa kwanza, mama yake huenda kumwona pamoja na wanawake wenzake, kila mmoja na mzigo mgongoni: kuni, ndizi, nduma, na vibuyu vya ucuru, ule uji wetu wa wimbi uliochacha. Mzigo wa kwanza kuingia bomani ni wa mama mzazi, na hautui chini mpaka wakwe watoke kuupokea kwa nyimbo. Mama akiutuma kwa gari, au akiingia mikono mitupu huku wenzake wakihema, wakwe hawaulizi maswali. Wanajua huyu hakuipenda ndoa hii, na anayelipia ni binti, kila siku, jikoni kwa mama mkwe wake.

Nilimtembelea akiwa na mimba ya miezi sita. Akanishika mkono mlangoni, akaniambia polepole ili wasisikie, "Mama, hawa watu wanangoja kuona wewe. Kuja na mzigo wako. Hata kama ni mdogo."

"Kwani lini umeniona na mzigo mdogo?" nikamjibu. Lakini nilipoteremka kuelekea barabarani machozi yalinitoka, maana hata mkoba wa mkononi ulikuwa ukinielemea.

Nilivaa gauni la kanisani nikaenda hospitalini mjini Meru. Nilikaa kwenye benchi nikipanga maneno, na zamu yangu ilipofika nikamkuta daktari kijana, mrefu, kola safi.

"Muga, mama," akanisalimu. Akaniuliza ninatoka wapi, nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Tukatazamana, na hapo hapo tukatambuana.

Alikuwa wa rika moja na mtoto wangu wa kwanza. Walitahiriwa msimu mmoja, wakauguza vidonda pamoja kwenye kibanda nyuma ya migomba yangu, na uji uliompa nguvu ya kusimama niliusaga na kuupika mimi. Kwetu kijana wa namna hiyo hafanani na mtoto wako, bali ni mtoto wako hasa. Hakai kitandani kwako na hafanyi utani nawe. Akikukuta njiani umepandisha sketi kuvuka matope, mmoja wenu lazima ageuke atazame milima. Na huyu ndiye aliyekaa mbele yangu, mikono imenawa, kando yake kitanda chenye vyuma vya kuwekea miguu.

"Mama ako na shida gani?" akauliza, akiitazama kalenda ukutani.

"Ni kichwa," nikasema. Nami nikaitazama kalenda. Ilikuwa na picha ya ng'ombe wa maziwa, na tulimchunguza yule ng'ombe kwa makini sana.

"Mama, hii ni kliniki ya wamama. Hakuna mtu anakuja hapa na kichwa."

"Ni huku chini," nikamwambia ng'ombe.

"Kuna kitu inashuka?"

"Inashuka."

"Na ukilala inarudi?"

"Inarudi yote."

Akavuta pumzi. Akaniambia, bado akimwangalia ng'ombe, kwamba kwa anavyosikia hiyo si saratani. Ni kizazi kimelegea mishipa inayokishikilia, kwa sababu ya kuzaa na kubeba. Wanawake wengi wanacho, na kuna njia za kukisaidia. Sijui kama kuna habari imewahi kunifurahisha kama ile. Nilitaka kumkumbatia, lakini tungekufa wote wawili kwa aibu.

"Lakini mimi siwezi kupima wewe, mama. Hata wakinifuta kazi."

"Hata ungetaka, mimi ningetoroka kwa dirisha," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza akacheka, mtoto wa watu. Akainua simu ya mezani, akampigia mwenzake katika hospitali moja ya Embu. Alikuwa daktari mwanamke, mzaliwa wa Mombasa. "Huyo hajui mtu huku," akaniambia. "Hana mama wa rika hata mmoja." Akanisindikiza mpaka mlangoni, akanifungulia kama mwana wa haki.

Daktari wa Embu alikuwa mama wa umri kama wangu, mtandio kichwani, sauti ya upole inayoburuta maneno. Kiswahili chake kilinifanya nijikague changu, na mimi ndiye mwalimu. Alinipima bila haraka, akanifunika, akanikalisha, akanieleza.

"Mamangu, uzazi wako umeshuka. Hukulogwa, wala hukukosa. Zipo njia tatu. Ya kwanza ni mazoezi ya kuibana misuli, hayo utayafanya vyovyote, lakini peke yake hayatoshi kwa ulipofika. Ya pili ni upasuaji. Ya tatu ni pete ya mpira, waivaa ndani, yauzuia uzazi usishuke."

"Nikipasuliwa, nitabeba mzigo lini?"

"Ah, hapo utakaa wiki nyingi hunyanyui hata ndoo."

Nikamweleza kuhusu binti, na wakwe, na desturi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema basi tujaribu pete, upasuaji hautakimbia. Akaleta sinia lenye pete nyeupe zilizopangwa kutoka ndogo hadi kubwa, kama vifuniko vya sufuria dukani.

Hapo ndipo malezi yangu yaliponiponza. Kwetu mgeni akiletewa nyama hanyoshi mkono kwenye kipande kikubwa. Ukimfanyia hivyo mwenyeji, mama yako atasemwa hadi kaburini. Macho yangu yakaenda yenyewe kwenye pete ndogo. Tena nilihisi kwamba kuchukua kubwa ni kukiri kitu fulani ambacho sikutaka kukikiri mbele ya mwanamke nadhifu namna ile. Daktari akachovya ya katikati kwenye maji moto ikalegea, akaikunja, akaiweka. Akauliza yakaaje. Ilikaa vizuri tu.

"Labda iliyo ndogo kidogo, daktari," nikasema.

Akanitazama kwa mshangao. "Hii yakubana?"

"Kidogo," nikadanganya kwa adabu zote.

Akabadilisha. Akaniambia nikohoe. Nikakohoa kama mke wa askofu. Akaniambia nichuchumae, nikainama nusu, magoti yameshikana. Akauliza kama yateleza, kama nina wasiwasi wowote. Nikasema, "Hakuna shida, daktari. Iko sawa kabisa. Mungu akubariki." Hivyo ndivyo watu wetu wanavyomjibu daktari. Ukimkanyaga mmoja wetu mguu hospitalini atakwambia pole. Nikarudi Meru nimeinua kidevu.

Haikumaliza wiki. Choo chetu kilikuwa cha shimo, na lile shimo lilikuwa fahari ya mume wangu, maana alilichimba mwenyewe na kila mgeni alielezwa kina chake. Asubuhi moja ya Jumamosi nimechuchumaa, safari hii sawasawa, nikahisi kitu kimeteleza. Nikanyosha mkono nikachelewa. Ukapita muda mrefu, kisha nikasikia kishindo kidogo huko chini kabisa.

Nikasimama pale nimeushika mlango. Kwanza nilitaka kulia, kwa ajili ya binti yangu na mzigo wake. Halafu nikaliona jambo lenyewe lilivyo. Nimesafiri mpaka Embu, nimekuwa mtu wa heshima mbele ya daktari wa watu, na heshima yangu yote iko chini ya shimo. Kicheko kikanipanda kutoka magotini. Nilicheka mpaka nikaketi kwenye kizingiti. Yai limeshuka, mkojo umetoka, nami sikujali. Mume wangu akaja mbio kutoka kwenye kahawa, panga mkononi, akidhani ni nyoka.

"Ni nini?"

"Pete yangu imeanguka chooni."

Akatazama kidole changu. Pete ya ndoa ilikuwepo. Akanitazama usoni, na nadhani aliamua nimepata wazimu.

Basi nikamwambia. Tulikaa kwenye gogo nyuma ya choo, mahali pasipo na sifa yoyote, nikamwambia yote tangu siku ya ubaoni. Sikuwa nimewahi kumwambia mwanamume mambo ya huko, hata yeye tuliyezaa naye sita. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akikwangua udongo kwenye panga kwa kidole gumba. Nilipomaliza akaliweka panga chini. Halafu akasema, "Mimi nilifikiri umenichoka."

"Nikuchoke kwa nini, mzee?"

"Ulikuwa unacheka. Ukawacha."

Nilimwonea huruma. Miezi yote ile mimi naficha kizazi, na yeye yuko upande wa pili wa kitanda anajiuliza alikosa nini. Nikamshika mkono, jambo ambalo hatukulizoea mchana. Baada ya muda akaondoa kofia, akajikuna, akauliza kama atafute mti mrefu wenye ndoano aitoe.

"Hata ikitoka na malaika, sitaivaa," nikasema, na tukacheka wote.

Jumatatu alinisindikiza Embu. Alikaa kwenye benchi la nje kati ya wajawazito, mwanamume peke yake, kofia magotini, amenyooka kama yuko mbele ya chifu.

Daktari aliposikia kuhusu choo alijifunika uso kwa mtandio akacheka kimyakimya, mabega yanatikisika. Kisha akaushusha, akawa mkali kidogo. "Mamangu, uliniambia yakaa sawa."

"Nilikuwa na heshima, daktari."

"Heshima iwache mlangoni, kama viatu. Humu ndani nataka ukweli mtupu. Ikibana sema yabana, ikilegea sema yalegea. Mimi siioni, waisikia wewe."

Akapanga mbele yangu aina zake, na safari hii akanipa nizishike. Kulikuwa na pete tupu kama ile iliyozama, lakini kubwa zaidi. Kulikuwa na pete iliyowambwa katikati kwa mpira mwembamba, kama ngozi ya ngoma, wenye vitundu. Na kulikuwa na moja yenye kikonyo, umbo la uyoga.

"Hii ya uyoga yashika kuliko zote," akasema. "Lakini kuitoa mpaka uje kwangu. Na ikiwa ndani, mambo ya mume na mke hayawezekani."

Nikamfikiria mzee wangu kule nje na kofia yake magotini. "Hiyo weka mbali," nikasema.

"Vyema. Hizi mbili waweza kuzitoa mwenyewe ukaosha kwa sabuni na maji, ukarudisha. Na mumeo haitamsumbua."

Nilichagua iliyowambwa, kwa sababu nilijua yai langu ni jeuri na linaweza kupenya katikati ya pete tupu. Daktari akasema ndivyo angenishauri. Akaweka kubwa. Nikatembea hatua mbili, nikasimama. Maneno yalikuwa yakinisubiri mdomoni, yale ya iko sawa, asante, Mungu akubariki. Nikayameza.

"Inabana. Hapa mbele, kwa mfupa. Na nikikaa inanichoma."

"Alhamdulillahi!" akasema daktari, kana kwamba nimempa zawadi. Akaitoa, akachukua iliyofuata, chini yake kidogo. Safari hii nilitembea mpaka dirishani nikarudi. Nikakohoa, si kama mke wa askofu, kama mvuta tumbaku. Nikachuchumaa mpaka chini, visigino vimetulia. Sikuhisi kitu. Nikangoja kuhisi kitu, sikuhisi. Hakukuwa na uzito wala yai, ni mimi tu, kama nilivyokuwa zamani.

"Usiniamini bado," akasema. "Nenda haja ndogo, kisha nenda huko uani ufanye unavyofanya kwenu. Urudi tuone kama ingali mahali pake."

Nyuma ya kliniki kulikuwa na uwanja wa kuanikia mashuka, wenye mteremko. Nilianza kwa kuupanda na kuushuka. Nikainama kama anayepalilia. Halafu, kwa kuwa ndilo hasa lililonileta, nikaifunga leso mgongoni kana kwamba nimebeba, nikaanza wimbo wa kupeleka mzigo, taratibu kwanza, bega la kulia, bega la kushoto. Sauti ilitoka. Ilitoka tumboni kabisa, mahali nilipokuwa nimepafungia, na hakuna kilichoshuka. Wajawazito kwenye benchi wakageuka. Mmoja, Mwembu mwenye tumbo la karibu kuzaa, akapiga makofi, akaitikia kwa lugha yao inayopakana na yetu, na wenzake wakadakia. Mume wangu akajifunika uso kwa kofia, lakini mguu wake ulikuwa unapiga. Nikamaliza kwa kigelegele kilichomtoa muuguzi mlangoni.

Pete ilikuwa mahali pake. Daktari alinifundisha kuitoa na kuirudisha mwenyewe, mara ya kwanza nikitokwa jasho, mara ya pili nikijivuna. Akanionya kwamba nikiona damu au harufu mbaya nirudi mara moja, na hata nisipoona nirudi kila baada ya miezi michache anikague. Kisha tukaingia kwenye biashara yenyewe.

"Kuni, hapana," akasema.

"Uji?"

"Kiasi gani?"

"Kibuyu kimoja."

"Kikubwa?"

Nikaanza kuikunja leso yangu.

"Mamangu."

"Cha wastani," nikasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Binti alijifungua mtoto wa kike, salama, wakati wa likizo ya shule. Tuliondoka wanawake wanane, na kutoka pale gari lilipotuacha tulitembea kwa miguu kwenye vumbi jekundu, jua linatuchoma sisi wa baridi. Wenzangu walikuwa na kuni na ndizi na nduma. Mimi niliyezoeleka kwa mizigo ya kutisha nilikuwa na kibuyu kimoja ndani ya kiondo, kamba kwenye paji. Walinitania njia nzima. Mmoja akauliza kama nilichobeba ni uji au dawa ya macho. Nikawaacha wafaidi. Nilitangulia mbele, maana mzigo wa kwanza ulikuwa wangu, na udogo wake haukuandikwa popote kuwa kosa.

Wakwe walituona tangu mbali wakajifungia ndani. Ndivyo inavyotakiwa, ila hawa walizidisha. Tulisimama langoni tukiimba, jua utosini, na ndani kimya. Kisha sauti moja ya mwanamke ikatoka nyuma ya ukuta, kavu, ikiimba kwa kuuliza ni nani hao, si wale wasemao kwetu kuna mawe matupu? Wenzangu wakatazamana. Nilijua ile sauti ni ya mama mkwe wa binti yangu, na nilijua huu ndio mtihani wenyewe.

Nikajibu. Niliimba kwamba ndiyo, tumeyaona mawe, na juu ya jiwe hilo binti yangu ameota, amechanua, amezaa, na mimi mama yake nimekuja kwa miguu yangu kulishukuru jiwe. Nikaanza kucheza nikisonga mbele, magoti yamekunjwa, mabega yanapokezana, kibuyu mgongoni kinatoa mlio wa uji unaotikisika. Nilicheza kama msichana. Nilisikia vumbi ulimini na jasho machoni, nikasikia furaha imenijaa hadi vidoleni, na kila nikikanyaga nilingoja ule uzito wa zamani, na kila nikikanyaga haukuja. Wenzangu wakawaka nyuma yangu kama moto wa kuni kavu. Mlango ukafunguka kwa vigelegele, wakatoka kama nyuki, na mama mkwe, mwanamke mrefu mwenye sura ngumu, akanijia moja kwa moja, akanivua kamba kwenye paji kwa mikono yake mwenyewe. Akakibeba kibuyu kifuani mpaka ndani.

Binti alikuwa kitandani, macho yamevimba kwa kulia, mtoto amelala ubavuni.

"Nilisikia sauti yako," akasema. "Walikuwa wameniambia umeonekana hospitali Embu, uko mgonjwa, hautakuja. Mama, ulikuwa mgonjwa wa nini?"

Mama yangu mzazi hakuwahi kuniambia kitu. Yeye pia alikaa upande mmoja kwanza, kisha mwingine, na mimi mtoto nilifikiri ni uzee. Basi nikapanda kitandani kando ya binti, nikamnong'onezea yote: yai, leso, daktari mtoto wangu na ng'ombe wa kalenda. Nikamwambia asikimbilie kubeba kuni, hata wamsifu vipi. Nilipofika kwenye shimo la choo na mzee na ndoano yake, akashindwa. Akacheka amejibana tumbo, akilia "wacha, mama, nitapasuka," nami nikacheka kile kicheko changu cha ng'ambo ya mto, mtoto akaamka akaanza kulia.

Mama mkwe akaingia na birika la chai. "Kwani mnacheka nini?"

Binti akavuta blanketi mpaka machoni. Nami nikawaza, nimekwisha kumwambia mume wangu nyuma ya choo, nimecheza mbele ya wajawazito wa Embu nzima, nianze leo kuona haya? Nikamwambia. Nikachanganya Kimeru na Kiswahili na kile Kimbeere nilichokijua, nikamwambia bila kuficha, mpaka kwenye pete iliyo ndani yangu pale nilipoketi.

Yeye hakucheka. Aliweka birika chini. Akauendea mlango, akausukuma ukafungika, akatia komeo. Akarudi akaketi ukingoni mwa kitanda, polepole, upande mmoja kwanza, kisha mwingine.

"Mkwe," akasema, "hiyo ya choo wacha. Anzia kwa huyo daktari. Embu anakaa pande gani?"

Nikamsogelea, nikaanza tena.